KYSTATS ya Kentucky: tumeitumia kumchagulia mpwa wangu chuo, naipa nyota nne

Jamani mlioko Kentucky, hasa Louisville na Lexington, mwenye mtoto anayemaliza sekondari mwaka huu soma hii mpaka mwisho. Walioko majimbo mengine pia msome, karibu kila jimbo Marekani lina kitu cha namna hii, yaani ofisi inayoonyesha waliosoma wameishia wapi kikazi, shida ni kwamba sisi hatuambiwi kama kipo.

Ilianza hivi. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, yuko darasa la 12 na ana barua mbili za chuo mezani. Moja ya koleji ya miaka miwili hapa hapa mjini, nyingine ya chuo kikuu cha mbali ambako itabidi akalale bwenini. Mama yake anataka asome unesi, yeye mwenyewe anataka kompyuta, na kuna mama mmoja wa kwaya kashasema kompyuta hailipi siku hizi, akili bandia imekula kazi zote. Kelele jikoni asubuhi mpaka jioni. Mimi ndo mjomba ninayefanya kazi kwenye kumbukumbu za wanafunzi kwa hiyo nikaitwa kuamua kesi. Nikawaambia mi siamui kitu, leteni laptop tuangalie waliotangulia walifika wapi.

Ndo tukafungua KYSTATS. Kirefu chake ni Kentucky Center for Statistics, ofisi ya serikali ya jimbo iko Frankfort, ipo kisheria tangu 2013 ingawa mwanzo ilikuwa na jina lingine refu zaidi. Kazi yake, nikiwaelezea kwa lugha ya jikoni, ni kushona vitambaa. Inachukua data za shule kutoka idara ya elimu, za vyuo kutoka Council on Postsecondary Education, za skolashipu na misaada kutoka KHEAA, alafu inachukua na zile za mishahara ambazo waajiri wanazipeleka serikalini kila miezi mitatu kwa ajili ya bima ya waliopoteza kazi. Inaziunganisha mtu kwa mtu. Ikishaunganisha inaondoa majina na namba za sosho (Social Security), inabaki na namba yake ya siri, ndipo inatengeneza ripoti. Wewe ukiingia huoni mtu, unaona makundi: waliosoma kitu fulani, chuo fulani, wangapi wanafanya kazi Kentucky na wanalipwa kiasi gani kwa mwaka.

Bure kabisa, huombwi barua pepe wala hufungui akaunti.

Ripoti mbili ndo zilitusaidia. Ya kwanza ni ile ya sekondari, High School Feedback Report, unachagua shule ya mtoto unaona waliomaliza pale walikwenda chuo au hawakwenda, na waliokwenda walikwenda wapi. Mpwa wangu aliitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea, nadhani ni mara ya kwanza anaona shule yake ikisemwa kwa namba badala ya maneno ya korido. Ya pili ni ya vyuo, Postsecondary Feedback Report, hapo ndo kuna mishahara kwa fani na ngazi ya cheti. Sitaandika namba hapa maana wanazibadilisha kila wakitoa toleo jipya, na ukinukuu ya zamani utampotosha mtoto wa mtu. Ila kitu kimoja kiliwanyamazisha wote: unesi wa miaka miwili unalipa kuliko digrii kadhaa za miaka minne. Dada yangu akapiga makofi kama timu yake imefunga goli. Nikamwambia subiri dada, shuka chini uangalie na kompyuta, na uangalie wangapi wamehesabiwa.

Angalizo la matumizi: fungua kwenye kompyuta, sio simu. Zile ni dashibodi zenye vichujio vingi, zinataka skrini pana, na ukisahau kichujio kimoja umekiacha kwenye "wote" unasoma jibu la swali ambalo hukuuliza.

Sasa niwaambie kwa nini nakiheshimu hiki kitu, maana mimi natoka upande wa jikoni kwake. Watu wengi wakitaka kujua chuo kizuri wanaangalia asilimia ya wanaomaliza, ile ya serikali kuu. Ile kwa miaka mingi ilihesabu aina moja tu ya mwanafunzi: anayeanza chuo kwa mara ya kwanza na anasoma muda wote, alafu wanatazama kama kamaliza hapo hapo alipoanzia ndani ya muda na nusu yake, yaani miaka mitatu kwa koleji na sita kwa chuo kikuu. Baadae wakaongeza hesabu ya wale wa nusu muda na waliohamia, lakini ile ya zamani ndo bado inatembea midomoni. Sasa nitajie mtoto wetu hata mmoja anayefanana na huyo. Wetu anasoma kozi mbili huku anafanya shifti ya usiku. Hapa Louisville kuna mpango mpaka una jina, Metropolitan College, upo tangu 1998, unabeba mizigo UPS usiku karo yako inalipwa, na vijana wetu wako mle. Kijana wa namna hiyo anaanza koleji ya Jefferson, baada ya miaka mitatu anahamia University of Louisville, anamaliza mwaka wa saba. Kwa hesabu ya zamani, Jefferson hawampati kama mhitimu wao, na UofL hawamuoni kwenye kundi lao la mwanzo. Kamaliza, kavaa joho, mama kalia ukumbini, na kwenye asilimia zote mbili hayumo.

Mfumo wa jimbo unamuona. Sababu yenyewe ni ya kawaida tu, unafuata mtu na sio jengo. Wanaoshughulika na hizi data wanaiita rekodi ya mwanafunzi mmoja mmoja, na serikali kuu hairuhusiwi kuwa nayo, sheria ya 2008 iliwakataza kujenga databesi ya taifa ya namna hiyo, kuna watu waliogopa serikali itajua mno mambo ya raia. Kwa hiyo kazi ikabaki kwa majimbo, na Washington yenyewe ndo imekuwa ikitoa ruzuku za kuyajengea. Ukitaka kucheka cheka, mimi nilishacheka.

Kwetu hii mbona tulishaizoea. Aliyesoma Tanzania anajua, namba yako ya mtihani wa kidato cha nne inakufuata mpaka unaomba chuo, mpaka bodi ya mikopo, utaisahau siku ya kuzaliwa lakini namba ya mtihani huisahau. Sisi wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu tulikuwa na yetu, tulisoma mtaala wa Kongo ndani ya Kigoma tukafanya Exetat, mtihani wa taifa wa Kongo wa kumaliza sekondari, karatasi ya nchi moja umeipatia nchi ya pili na unakuja kuionyesha nchi ya tatu. Na hapo ndo nafika kwenye nyota niliyoipunguza.

Mfumo wa kuunganisha unakuwa mzuri kadiri ya vile unavyokujua wewe ni nani. Ukiwa na namba ya sosho iliyoandikwa sawa kila mahali, umemaliza. Shule zote za umma Kentucky zinatumia programu moja ya Infinite Campus na kila mtoto anapewa namba ya jimbo, hiyo nayo inasaidia. Lakini mtu akiingia chuo na miaka 27, hajapita sekondari ya hapa, sosho kaiacha wazi au kakosea tarakimu moja, mashine inarudi kwenye jina na tarehe ya kuzaliwa. Sasa wakimbizi wenzangu, tarehe zetu za kuzaliwa ni ngapi? Moja. Tarehe 1 Januari. Aliyekuandikisha kambini alikuuliza umezaliwa lini, mama akasema mwaka ule wa vita, msimu wa mahindi, kaandika mwaka akaweka 01/01. Kanisani kwetu mwaka mpya tunaimba happy birthday na nusu ya watu wanasimama, sio utani.

Nilikuwa nafanya kazi koleji moja, haina haja ya jina. Siku hiyo alikuja dirishani dada mmoja na transkripti mkononi, anasoma mambo ya afya, transkripti imejaa kozi za kuchomelea vyuma. Ananiuliza kwa Kiswahili cha upole kabisa, kaka, mimi nimechomelea lini? Nikaandika jina lake la kwanza kwenye kisanduku cha kutafutia. Tuseme Bahati, sio lenyewe. Wakatoka saba. Watano kati ya hao saba wamezaliwa tarehe 1 Januari. Wawili jina la mwisho moja na mwaka mmoja, huyu dada na kaka mmoja wa kule kwenye karakana, hawajuani kabisa, mmoja wa Fizi mwingine wa Uvira. Kuna mtu kwenye ofisi aliona rekodi mbili zinafanana akasema hii ni moja iliyojirudia, akaziunganisha, akaenda zake chakula cha mchana.

Na asingekuwa mtu, ingeweza kuwa programu, hapa nataka mnielewe vizuri kwa sababu ndo kiini chenyewe. Programu nyingi za kulinganisha majina zinatoa alama. Jina la kawaida kama Smith likifanana, alama chache, maana akina Smith wamejaa. Jina adimu likifanana, alama nyingi. Tarehe ya kuzaliwa ikifanana, alama nyingi, maana hesabu inachukulia watu wametawanyika kwenye siku 365. Sasa Bahati Kentucky ni jina adimu! Na 1 Januari inahesabiwa kama siku nyingine yoyote. Kwa hiyo mashine inaona jina adimu, tarehe ile ile, inasema bila wasiwasi huyu ni mtu mmoja. Kumbe kwetu ni kinyume, ukipiga kelele "Bahati!" pale sokoni Nyarugusu wanageuka wanaume na wanawake ishirini, na wengi wao mashine itasema wamezaliwa siku moja.

Kuwatenganisha wale wawili kulichukua karibu muhula mzima. Rekodi mle ndani niliirekebisha wiki hiyo hiyo, kilichochelewesha ni kwamba faili la muhula lilikuwa limeshakwenda jimboni, na faili likishakwenda inabidi uombe, ueleze, utume upya, lisubiri zamu. Na sio suala la karatasi tu. Tangu 2017 Kentucky ina sheria ya kugawa hela za vyuo vya umma kwa kuangalia matokeo, wahitimu wangapi, krediti ngapi, kwa hiyo Bahati wawili wakihesabiwa mmoja kuna cheti kimoja kinapotea kwenye hesabu, na hela yake.

Kinyume chake nacho kipo, mtu mmoja kuwa wawili. Karatasi za Kongo zina jina, jina la pili la ukoo, alafu jina la Kizungu mwishoni. Fomu ya Marekani inataka la kwanza, la kati, la mwisho. IOM, wale wa shirika la uhamiaji, wakaandika hivi, shule ikaandika vile, ukaapishwa uraia ukabadilisha kabisa maana hakimu anakuruhusu siku ile. Huyo mtu sekondari yuko kama mmoja, chuo kama mwingine, na kwenye ripoti sekondari yake inaonyesha kijana hakwenda chuo wakati yuko maktaba anasomea mtihani wa anatomia. Kwa hiyo ukiona shule yenye watoto wetu wengi ina namba ndogo ya waliokwenda chuo, usikimbilie kulaumu walimu.

Ofisi ya jimbo haiwezi kulinganisha kilicho bora kuliko ilicholetewa, ndo maana sijapunguza nyota mbili. Ila ningekuwa mimi nimekaa meza ya kuchora huu mfumo, 1 Januari ningeipa alama sifuri. Ni mstari mmoja tu wa programu.

Upande wa mishahara napo soma kwa akili. Zile taarifa za waajiri zinabeba waliolipwa mshahara na mwajiri anayechangia bima ya jimbo. Aliyejiajiri hayumo. Jeshi na wafanyakazi wa serikali kuu nao hawamo kwenye zile za jimbo. Sasa fikiria vijana wetu wangapi wana traki zao wenyewe, kasoma, kamaliza, kanunua traki, anaingiza hela kuliko mimi na bosi wangu tukijumlishwa, kwenye mishahara ya jimbo haonekani kabisa, kama yuko nyumbani anaangalia mpira. Alafu kuna mto. Louisville ukivuka daraja la mto Ohio uko Indiana, dakika kumi kama hakuna foleni, na maweahausi yako ng'ambo. Mtu anaishi huku anafanya kazi kule, mshahara wake uko kwenye data za Indiana. Hapa nawapongeza wahusika, Kentucky, Ohio na Indiana waliweka data zao pamoja wakatoa ripoti inayoonyesha mhitimu wa jimbo moja kaangukia kazi jimbo gani. Texas nao, mfumo wa University of Texas walikwenda kuingia makubaliano na watu wa sensa ili wahitimu wao wanaohama jimbo wasipotee, kitu chao kinaitwa seekUT, kizuri, ila ni cha vyuo vya UT tu.

Na mishahara haisemi saa. Umelipwa hiyo hela kwa kufanya wiki ya saa 36 au kwa kuua mgongo saa 60, kwenye ripoti ni namba ile ile. Unesi hapo uangalie vizuri dada yangu, nilimwambia, akaniangalia jicho la "wewe umetumwa na nani".

Kuna kingine kinanikera kidogo, sio cha Kentucky peke yake. Kwenye kisanduku cha asili, mtoto wa Mkongo, Mnyarwanda, Msomali na Mmarekani mweusi wa vizazi kumi wote ni "Black or African American". Wote kundi moja, wastani mmoja. Sisi hatujulikani kama tunafanya vizuri au vibaya. Na shule zinajua, mtoto akiandikishwa wanakuuliza nyumbani mnaongea lugha gani, na Kiswahili kwenye shule za Louisville sio lugha ya kutafuta na tochi. Hiyo taarifa ingefuatana na mtoto mpaka chuo tungejua mengi. Mtu atasema kundi litakuwa dogo mno, watajulikana ni nani, na ni hoja ya kweli, sheria ya siri za wanafunzi ya 1974 ndo inayofanya visanduku vya watu wachache vifichwe. Lakini Kiswahili Jefferson County, kaunti yetu ya Louisville, sio watu watatu jamani.

Kuna majimbo yanafanya tofauti. Virginia hawana ghala moja kubwa, kila idara inakaa na data zake, mtafiti akiomba wanageuza vitambulisho kuwa alama za siri, wanaunganisha kile tu alichoomba, basi. Kwa mtu anayeogopa serikali kumjua mno, hiyo inatuliza roho. Mimi kwa matumizi ya mzazi nachagua ya Kentucky, kwa sababu ghala lipo tayari na ripoti zinatoka bila mtu kuomba, na dada yangu hana muda wa kuandika barua ya maombi ya utafiti.

Kwa hiyo kama unataka kuitumia, ushauri wangu wa mtu wa dirishani: anza na fani, sio jina la chuo. Angalia wangapi wamehesabiwa kabla hujaangalia mshahara, wakiwa wachache usiupe uzito. Kama mwanao anataka traki au biashara yake, funga ukurasa, hautakusaidia. Na kabla hajajaza fomu ya chuo, kaa nae, chukua karatasi zake zote, ya IOM, grini kadi, ya uraia, hakikisha majina yanafuatana kwa mpangilio ule ule, na sosho mwandike tarakimu kwa tarakimu. Hiyo 01/01 huwezi kuibadilisha kirahisi, basi angalau vingine viwe sawa.

Mpwa wangu kachagua koleji ya hapa mjini, kompyuta, kwa makubaliano kwamba akiichukia muhula wa kwanza anahamia unesi bila kesi. Mama yake kakubali baada ya kuona kwenye ripoti kwamba wanaohamia chuo kikuu kutoka koleji wapo na wanamaliza. Fomu tumejaza wote watatu pale pale jikoni, tarehe ya kuzaliwa 14 Mei, huyu kazaliwa hospitali ya hapa hapa, katuacha sisi wa Januari.

Nyota nne. Nikipata nafasi nitapitia na ya Indiana kwa ajili ya ndugu wa ng'ambo ya mto.